Heshima Iwapasayo Bibi Zetu Waliolala



Afapo mama mzee katika nchi ya Tarime na Serengeti, na hasa mama aliyezaa na kulea mji mzima, watu hukusanyika wengi, na siku ya maziko maneno ni mengi. Watoto husema, wakwe husema, wazee wa ukoo husema, na mwisho mwinjilisti wa mtaa huitwa asome habari za maisha yake. Mwinjilisti mmoja ametuuliza swali juu ya kazi hiyo, nasi twaona si swali lake peke yake. Neno lake ni hili: Je, mtu ampendaye marehemu na kumheshimu, imempasa kutaja mema yake tu, au imempasa kusema na yale yaliyoumiza? Wengine watadhani jambo hili ni dogo, maana ni maneno ya saa moja, kisha watu hula na kutawanyika. Walakini sisi twaona maneno yale huishi kuliko chakula kile, nayo huamua mambo ya watoto ambao bado ni wadogo.

Kwanza tutazame ni mama wa namna gani huyu tunayemsema. Kwa Wakurya, mji wa mume mwenye wake wengi haukuhesabiwa kuwa nyumba moja. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na neno nyumba halikuwa kuta na nyasi tu. Lilikuwa mama pamoja na watoto wake, ghala lake, shamba lake, na ng'ombe waliotengwa kwa ajili yake. Binti wa nyumba hii alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio waliotolewa ili kaka yake wa nyumba hiyo hiyo apate mke. Basi mume alikuwa bwana wa mji, lakini nyumba ilisimama kwa mama. Alipozeeka, wake wa wanawe walipika na kulima, naye aliketi mlangoni akatawala. Aliyejua deni la nani halijalipwa ni yeye. Aliyejua ni ng'ombe yupi alitoka kwa nani, na nani aliahidi nini mwaka ule wa njaa, ni yeye. Tena alikuwa na ruhusa ambayo mwingine hana: kuwatania wajukuu na kutaniwa nao, hata neno ambalo baba hawezi kumwambia mwanawe, bibi humwambia mjukuu kwa kicheko, nalo likaingia.

Jirani zetu Wazanaki wa Butiama wanao mfano ujulikanao na wote. Mugaya wa Nyang'ombe alizaliwa yapata mwaka 1892, akawa mke wa tano kati ya wake 22 wa Mtemi Nyerere Burito, akazaa watoto wanane, na mmoja wao ni Julius Kambarage. Mtemi alifariki mwaka 1942. Mugaya, ambaye katika ubatizo aliitwa Christina, akaishi miaka 55 baada yake. Aliona utawala wa Wajerumani, akaona wa Waingereza, akaona uhuru wa mwaka 1961 na mwanawe akiongoza nchi, akamwona tena akiweka uongozi chini mwaka 1985 na kurudi nyumbani kulima. Alifariki mwaka 1997. Watu humwita mama wa Mwalimu, nao husema kweli. Lakini kabla mwanawe hajawa mkuu wa nchi, yeye alikuwa mke mmoja katika mji wa wake 22, ambaye alipaswa kuisimamisha nyumba yake mwenyewe. Nguvu za mama zetu hazikuota mahali palipo laini. Ziliota ndani ya desturi ambazo hawakuzitunga, na mara nyingi desturi hizo ziliwaumiza wao kwanza.

Sasa twawapa habari ya mama mmoja wa upande wa Serengeti, tuliyemzika sisi wenyewe. Jina lake tunaliacha, maana watoto wake wangali hai, na habari hii ni ya nyumba nyingi. Mama huyu alifiwa na mume angali kijana, akakataa kurithiwa. Alilima wimbi, mtama na mihogo, akauza, akanunua mbuzi, na mbuzi wakaleta ng'ombe. Kanisani alikuwa na kigoda chake, alichokuja nacho kichwani kila Jumapili, na mhubiri akizidisha maneno alikohoa mara mbili, na watu wote walijua maana yake. Sadaka ilipohesabiwa, yeye asiyejua kusoma alisimama karibu akihesabu kwa vidole, wala hakukosea. Wajukuu wake wa kiume aliwaita waume zake. Wake zao aliwaambia kwamba yeye ndiye mke mkubwa, nao wasithubutu kumpikia mume wake ugali mbichi. Mwaka mmoja vijana wa koo mbili walipotwaa mapanga na mishale kwa ajili ya ng'ombe walioibwa, alikwenda na kigoda chake akaketi katikati ya njia, akasema apitaye na apite juu yake. Hakupita mtu.

Mama huyo huyo alipewa na Mungu mabinti watatu, wala hakupewa mwana wa kiume. Akafuata desturi iitwayo nyumba ntobhu. Kwa ng'ombe wa mahari ya binti zake alioa msichana kwa jina la mwana ambaye hakuzaliwa, na msichana wa namna hii huitwa mokamona; watoto awazaao ni wajukuu wa nyumba ile. Hivyo nyumba haikuzimika, na wajukuu wale aliowatania ndio matunda yake. Lakini mokamona alikuwa msichana wa miaka 15 alipoletwa, wala hakuna aliyemwuliza kama ataka kuja, wala kama amtaka mwanamume aliyechaguliwa kuzaa naye. Tena mama huyu aliwapeleka kwa ngariba binti zake wote watatu, na wajukuu wake wa kike wanne, akiwashika mkono, akiimba njiani. Mmoja wao alitoka damu nyingi, na hata leo hana nguvu. Mjukuu wa mwisho alikimbia usiku, akaenda Mugumu, kwenye Nyumba Salama iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa la Anglikana. Bibi alikasirika msimu mzima, asitake kusikia jina lake. Kisha siku moja alimpa mtu debe la unga wa wimbi, akamwambia alipeleke Mugumu kwa mtoto yule. Hakutuma neno lingine.

Siku ya maziko mwinjilisti alisoma habari za kigoda, za sadaka na za vita vilivyozuiwa, na watu wakacheka huku wakilia. Juu ya mokamona na juu ya kisu hakusema neno, na wote walimwona mwenye adabu. Mokamona, ambaye sasa ni mama mzima, aliketi nyuma akitazama chini. Mjukuu wa Mugumu alikuwapo, naye alilia kuliko wote. Watu walipoanza kuondoka, mzee mmoja wa ukoo alimwendea mama mwenye binti wa miaka kumi na miwili akamwambia, "Desemba umpeleke mtoto, maana bibi angetaka hivyo." Mama yule akamjibu, "Bibi mwenyewe alituma unga Mugumu." Mzee akanyamaza.

Mwinjilisti aliyasikia maneno hayo, na ndiyo sababu akatuletea swali lake. Basi tulipime.

Wako wanaosema kwamba imetupasa kunyamaza kwa sababu ya amri ya nne, ituagizayo kuwaheshimu baba na mama. Tena huongeza amri ya nane, na hapo wana nguvu, maana Katekisimo Ndogo ya Martin Luther yatufundisha kwamba amri hiyo yatutaka kumtetea jirani, kumnena vema, na kuyapokea mambo yake kwa maana iliyo bora. Ikiwa imetupasa kumtendea hivi jirani aliye hai, je, si zaidi mama aliyelala, asiyeweza kujitetea? Hoja hii ni nzuri, wala hatutaki kuidharau. Mtu asimamaye kaburini ili kuhesabu makosa ya marehemu, kana kwamba ni hakimu, amevunja amri hiyo mbele ya mashahidi.

Lakini tutazame vema amri ya nane yakataza nini. Yakataza ushuhuda wa uongo juu ya jirani. Na jirani zetu siku ile ya maziko si marehemu peke yake. Mokamona ni jirani. Msichana aliyetoka damu ni jirani. Mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye msimu wa tohara wamngoja, ni jirani. Tukisema kwamba maisha ya mama huyu yalikuwa baraka tu kwa kila mtu wa nyumba yake, tumewashuhudia uongo wao, maana tumesema maumivu yao hayakuwako. Wala hawawezi kutujibu, kwa sababu ya adabu, na kwa sababu nao walimpenda. Kimya chetu huwanyang'anya haki ya kulia kwa sababu zote walizo nazo.

Na kumpokea mtu kwa maana iliyo bora si kuyaficha matendo yake. Ni kuyaeleza pamoja na moyo wake. Bibi aliyemshika mjukuu mkono hakumchukia. Aliogopa. Alijua kwamba msichana asiyekeketwa hudharauliwa na wenzake, kwamba huenda asipate mume, kwamba atakuwa mgeni katika ukoo wake. Yeye mwenyewe alipitia kisu kile, akaambiwa ndio utu wa mwanamke, naye aliamini. Aelezaye hivi amemtetea kweli. Na anyamazaye amwachia marehemu bila utetezi, maana wale walioumizwa wakumbuka tendo, wala hawakuambiwa sababu.

Martin Luther mwenyewe alikuwa na mama mkali. Alisimulia mezani kwake kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimpiga hata damu ikatoka, kwa ajili ya kokwa moja aliyoitwaa. Hakulificha jambo hilo kwa watu waliomsikiliza. Wala hakuliacha likisimama peke yake, bali aliongeza kwamba wazazi wake walimkusudia mema kwa moyo wote. Na mama yake alipougua mwaka 1531, alimwandikia barua tarehe 20 Mei, akamfariji sana. Katika barua ile hakumwambia ategemee kwamba alikuwa mama mwema. Alimwelekeza kwa Kristo aliyeushinda ulimwengu. Mama akafariki tarehe 30 Juni mwaka ule. Mtoto aliyeikumbuka fimbo ndiye aliyeandika barua.

Nayo Maandiko Matakatifu huwakumbuka mama wakuu kwa namna iyo hiyo. Sara alicheka nyuma ya mlango wa hema, akakana kwamba hakucheka, na jambo hilo likaandikwa (Mwa. 18). Alimtoa Hajiri kwa mumewe ili apate watoto kwa yeye, kisha akamtesa, na mwisho akataka afukuzwe jangwani pamoja na mtoto wake (Mwa. 16 na 21). Wakurya wanaojua nyumba ntobhu huielewa habari ile upesi kuliko wageni wengi. Haya yote yameandikwa, wala Sara hakupungua kwayo: Ibrahimu alimlilia alipokufa, akiwa na miaka 127, akanunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike (Mwa. 23). Na Hajiri hakusahauliwa. Kilio chake nacho kimeandikwa, na malaika wa Mungu aliyemsikia. Maandiko yana nafasi ya Sara na ya Hajiri katika kitabu kimoja. Je, habari tusomazo kaburini hazina nafasi ya wawili?

Mumtazame tena Naomi. Alipowarudia wanawake wa Bethlehemu aliwakataza wasimwite kwa jina lake zuri, akataka waseme jina la uchungu wake, nalo ni Mara (Rut. 1), kama uitwavyo mkoa wetu huu. Hakutaka wamfunike kwa sifa. Na mwisho wa kitabu mtoto wa Ruthu alilazwa kifuani pake, na jirani wakasema kwamba Naomi amepata mwana (Rut. 4). Alipata furaha ile akiwa amekwisha kusema uchungu wake wazi.

Sisi Walutheri tunafundishwa kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi pamoja, mpaka siku ya kufa kwake. Tunaikiri kanuni hiyo Jumapili. Basi tusiiache tukifika kaburini. Tukimwombea mama aliyelala, au tukilitangaza tumaini la ufufuo juu yake, twalitangaza juu ya mwenye dhambi aliyesamehewa. Mtu asiye na kosa lolote hana haja ya Mwokozi, na habari ya maisha isiyo na kosa lolote humwacha Kristo nje ya kaburi. Tukimsifu mama mpaka asihitaji msamaha, tumemnyima kitu alichokihitaji kuliko sifa zetu.

Sababu ya pili ni ya nchi hii yetu na ya siku hizi. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Walakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 kwa kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 28. Hesabu yapungua, lakini yapungua polepole. Na wale wanaoishikilia desturi hii hawasemi siku hizi kwamba ni amri ya Mungu. Wasema, bibi alifanya, bibi angetaka. Jina la mama mpendwa hufanywa kuwa kamba ya kumvutia mtoto. Kila tumsifupo bibi kwa nusu, twaisokota kamba hiyo.

Tena angalieni jambo hili ambalo mwinjilisti wetu hakuliona mapema. Alipolificha kosa la mama yule, aliuficha na unga. Habari ya debe la wimbi haikuweza kusomwa, kwa sababu ingebidi kueleza mtoto yule alikwenda Mugumu kwa nini. Hivyo tendo ambalo labda lilimgharimu mama huyu kuliko kuketi katikati ya mapanga halikutajwa na yeyote, mpaka mama mmoja alipolisema kando, akamzuia mzee. Watu huamini kwamba kweli itampunguzia bibi heshima. Hapa kweli ndiyo iliyomwongezea, na ndiyo iliyomlinda mtoto.

Kwa hiyo twawashauri wainjilisti na wazee wa makanisa mambo machache.

Kwanza, msiandike habari za marehemu kwa kuwasikiliza wanaume wa ukoo peke yao. Ketini jikoni pamoja na wanawake, hasa wale wakaao nyuma. Waulizeni wamkumbuka kwa nini, na nini wataka kisemwe, na nini wataka kisisemwe. Siri ya mtu aliye hai si mali yenu. Asiyetaka jambo lake litajwe mbele za watu, msilitaje.

Pili, msianze na kosa. Semeni upendo kwanza, na kicheko pia, maana Mungu ndiye aliyewapa bibi zetu ulimi ule na moyo ule usioogopa. Kisha semeni kwa upole kwamba alitembea katika desturi za zamani, na kwamba baadhi yake ziliwaumiza watoto wake, naye aliwapenda. Neno moja au mawili yatosha. Semeni kama watu wanaoungama pamoja naye, si kama watu waliomzidi.

Tatu, mkisikia kwamba mama huyo aligeuka, hata kidogo, hata bila maneno, lisemeni hilo waziwazi. Katika Tarime na Serengeti wako mangariba walioweka visu vyao chini mbele ya watu, na wako mabibi waliowaficha wajukuu ndani ya nyumba zao msimu ulipofika, au waliowapeleka kwa masista wa Masanga. Habari hizo ni urithi wa ukoo kama zilivyo habari za ng'ombe.

Nne, mtu asipokubali lisemwe lolote, basi nyamazeni juu ya kosa, lakini msiseme uongo. Kusema "alikuwa mama aliyetupenda" ni kweli. Kusema "hakumwumiza mtu" si kweli, wala hamkulazimishwa kulisema.

Na ninyi bibi zetu, msomao gazeti hili au msomewao na wajukuu wenu, neno letu la mwisho ni kwenu. Paulo alimkumbusha Timotheo juu ya imani ya bibi yake Loisi, iliyokaa ndani yake kwanza (2 Tim. 1). Bibi husikilizwa, neno lake hudumu kuliko mahubiri yetu. Msituachie sisi kazi ya kukisia mngetaka nini. Waiteni wajukuu ninyi wenyewe, mngali na nguvu za kutania na kukaripia, mwaambie ni lipi mlilopokea ambalo wapaswa kulishika, na ni lipi ambalo lingekomea kwenu. Mkisema hivyo, hakuna mzee awezaye kusimama kando ya kaburi lenu na kulitumia jina lenu juu ya mtoto.

Bwana awape pumziko wote waliolala katika yeye, na atupe sisi kuwakumbuka kwa upendo na kwa kweli. Amina.